Baiskeli Ndefu Iliyokwenda Mpwapwa

Niliwahi kuyeyusha baiskeli ya mtu. Sisemi niliivunja, wala niliipinda. Hayo ni mambo ya kawaida kwa fundi, na mteja huyasamehe akishapewa kigoda na maji ya kunywa. Niliiyeyusha. Niliilaza juu ya mawe mawili, nikawasha gesi, nikashika waya wa kuchomea kama mtu anayejua anachofanya, na kabla sijamaliza kumweleza mwenyewe jinsi kazi itakavyopendeza, bomba la nyuma likalegea kama mshumaa, likadondoka, likawa kidimbwi kidogo kinachong'aa kwenye mchanga wa Nkuhungu.

Mwenye baiskeli alikuwa amesimama pembeni, mikono ameikunja. Alikitazama kile kidimbwi, akanitazama mimi, akaniuliza kwa upole kabisa kama hiyo ndiyo hatua ya kwanza.

Ile fremu ilikuwa ya aluminiamu, ndugu yake sufuria. Mimi nilikuwa nimelelewa na baiskeli nyeusi, zile nzito za chuma ambazo ukiziunguza hugeuka nyekundu kwanza, zikakuonya, zikakupa nafasi ya kutubu. Aluminiamu haikuonyi. Inakaa na rangi yake ileile, imetulia, halafu ghafla haipo.

Basi ninyi vijana ninaowaona siku hizi mkirefusha baiskeli kule karibu na stendi, mkichomea makeria ya kubebea kreti za soda na magunia ya mkaa, anzeni na hili: kabla ya moto, sumaku. Tafuta spika ya redio iliyokufa, ipasue, ndani utakuta sumaku. Itafutie kitambaa uishone humo, uivae shingoni. Ikinasa kwenye fremu, choma. Isiponasa, mrudishie mwenyewe baiskeli yake na umwambie kesho utakuwa na msiba. Sumaku yangu niliitoa kwenye redio ya mama, ambayo ilikuwa haijafa sawasawa, na hilo nalo nilikuja kulijibu.

Yule mwenye baiskeli alikuwa anaitwa Debora. Alitaka nimrefushie baiskeli yake iweze kubeba mizigo, arudi nayo kwao Mpwapwa akaanze maisha. Hilo ndilo alilokuwa analitaka yeye. Nilichokuwa nakitaka mimi ni vitu viwili visivyopatana: baiskeli ile iwe bora kuliko zote nilizowahi kushika, na isiishe.

Ngoja niwaeleze baiskeli zenyewe zilikotoka, maana ninyi mmezaliwa mmezikuta.

Zamani baiskeli ilikuwa jambo la kujuana. Duka la ushirika likiletewa chache, zilikuwa zimeshaandikwa majina kabla lori halijapaki. Halafu milango ikafunguliwa, biashara ikawa huria, kila kitu kikawa ruksa. Yakaja marobota ya nguo, vikaja viatu vya mguu mmoja ambavyo ulitafuta mwenzake kwa wiki nzima, na mwisho zikaja baiskeli. Zilifika juu ya malori kutoka Dar es Salaam, zimefungwa mafungu kama kuku, zina rangi za peremende, tairi nene zenye meno, na gia nyingi kuliko mafundi waliokuwepo mjini. Watu wakaziita baiskeli za mlima. Dodoma yenyewe imelala kama mkeka, na vile vilima vyake vya mawe hakuna mwenye akili timamu aliyewahi kuvipanda na baiskeli, lakini tulizinunua hivyohivyo. Tulikuwa tumekaa muda mrefu bila rangi.

Gia ndizo zilizotangulia kufa. Vumbi la huku kwetu ni jembamba, linaingia hata kwenye yai. Mtu alinunua baiskeli akaringa nayo msimu mmoja, wa pili ikawa inaruka cheni kila akikanyaga, wa tatu akaifungia mbuzi. Kila uwanja ulikuwa na baiskeli ya mlima imeegemea ukuta, nzima kabisa kasoro kwenda.

Na upepo huohuo ulioleta baiskeli ndio uliopeperusha kazi za watu. Debora alikuwa mpakiaji kwenye shirika moja la umma hapa mjini. Shirika likapunguza watu, akapunguzwa, akapewa kifutajasho, naye akanunua baiskeli ya mlima iliyokuwa inang'aa kuliko zote. Ilikuwa nyepesi sana. Mimi nilipoinyanyua kwa kidole nilimsifia. Fundi mwenye akili angejiuliza.

Sasa nimtaje aliyenifundisha, ili lawama tugawane. Mzee Abdallah alikuwa na kibaraza chake mjini, karibu na msikiti. Ukoo wao ni wa wale waliokuja na misafara ya biashara, wakachoka hapa, wakabaki. Yeye mwenyewe hakuwahi kusafiri kupita Kongwa. Alisema babu zake walimmalizia safari zote. Nilimpenda kwa hilo. Mimi nimetoka kidato cha nne nikiwa na cheti, na wenzangu wakienda Arusha na Mwanza kutafuta kazi, nilitafuta kazi ambayo ningeweza kuifanya nikiwa naona mlango wa chumba changu.

Mzee Abdallah alikuwa anaigeuza baiskeli miguu juu, anazungusha gurudumu, anafumba macho. Akifumbua ameshajua. Gololi kavu inanung'unika. Gololi iliyopasuka inagonga, kimya, inagonga, kama mtu anayechechemea. Spoki iliyolegea inalia mahali palepale kila mzunguko. Na alinifundisha kanuni moja, ndiyo niliyoishi nayo kazini miaka yote:

"Mteja usimsikilize. Atakuambia amegonga jiwe, kumbe alimpakia shemeji yake na gunia la mtama. Wewe sikiliza baiskeli."

Nilikuwa mwanafunzi mwema. Ilifika mahali mteja anaanza tu kueleza, mimi nimeshainama kwenye habu, pale katikati ya gurudumu, naitikia "mhu, mhu" bila kuchukua neno hata moja. Wakati Debora anakuja kwangu, mzee alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, nami nilikuwa nimehamishia kazi nyumbani Nkuhungu, kwenye kibaraza ninachochangia na jirani yangu Bi Mwajuma. Upande wake alikuwa anachoma vitumbua, upande wangu nilikuwa nachoma vyuma, na moshi wetu ulikutana katikati tukagombana.

Baada ya ule msiba wa aluminiamu, nilimwambia Debora arudi kesho. Nikaingia ndani, nikaitazama baiskeli yangu mwenyewe.

Ndiyo, nilikuwa nayo. Baiskeli ya mlima, ya chuma, rangi ya zambarau. Niliinunua katika lori la kwanza kabisa kwa nia ya kutembea. Nilipanga niende Busi kwa mjomba wangu nikale karanga mpya, niende Kondoa mjini, niende hata Singida. Niliipaka mafuta, nikaitundika kwenye kenchi za paa la chumba kwa kulabu mbili isipate vumbi, na huko ndiko ilikokaa. Bi Mwajuma kila akichungulia alikuwa ananiuliza ile nyama nitaipika lini.

Kesho yake Debora alinikuta nimeishusha. Aliizunguka, akaigusa kiti, akaona meno ya tairi bado yana vinyweleo vya kiwandani.

"Na wewe utatembelea nini?" akaniuliza.

"Mimi naenda wapi?" nikamjibu.

Bi Mwajuma alicheka mpaka kitumbua kikaungua. Debora hakucheka. Alivuta ndoo, akaigeuza, akakaa.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Fremu usiikate. Vijana wengi nawaona mnakimbilia msumeno. Fremu nzima ina nguvu zake, iacheni. Unachofanya ni kuiongezea mkia. Gurudumu la nyuma unalitoa mahali pake, unalisogeza nyuma kiasi cha mkono kuanzia kiwiko mpaka ngumi, na pale lilipokuwa unafunga mabomba mawili, moja kila upande, yanayokwenda kulishika huko nyuma. Mabomba niliyatoa kwenye mabaki ya mabomba ya maji, ya zamani, mazito. Yale yana tabaka la zinki juu. Tabaka lile litoe lote kwa tupa kabla hujachoma, na uchome uwanjani, upepo ukiwa mgongoni kwako. Moshi wake ni sumu. Watu watakuambia unywe maziwa. Mimi nilikunywa maziwa, nikalala na homa ya moshi na tumbo la maziwa.

Baada ya hapo, juu ya mkia unachomea kitanda cha nondo nyembamba, na pembeni unashusha mbavu mbili, chini karibu na ekseli, maana mzigo ukikaa juu baiskeli inakuwa na mawazo yake. Mzigo mzito chini, mwepesi juu.

Cheni moja haifiki. Unaunga mbili. Gia zote usizing'ang'anie. Mbele nilibakiza gia ndogo, nyuma nikachagua moja ya kati yenye meno mengi kidogo, na ule mkono wa kubadilishia gia nikauacha uning'inie kazi yake iwe kukaza cheni tu. Mbele kulikuwa na shokapu ambazo kwa mtu anayecheza ni raha, kwa mwenye gunia ni kizunguzungu. Nilizikaza kwa vipande vya mti wa mpingo, hazikunesa tena.

Na tairi. Ninyi mnaijua miiba ya huku. Chukua tairi kuukuu jembamba, likate kingo zenye waya, lile gamba la katikati ulivalishe ndani ya tairi zima, kisha ndiyo tyubu. Mwiba utatoboa tairi la kwanza, utakutana na la pili, utakata tamaa. Lakini gamba lipige msasa ncha zake, la sivyo litaitafuna tyubu lenyewe, na utamlaumu mgunga bure.

Hayo yote ningeweza kuyamaliza upesi. Ila kila jioni, jua likishapoteza ukali, Debora alikuwa anakuja. Alikuwa anakaa kwa dada yake mitaa ya nyuma, na kule hakuna nafasi ya kukaa mtu mzima asiye na kazi. Alikuja na karanga kwenye kanga, akawa anamenya, nusu anaweka kwenye bakuli, nusu ananitupia mkononi bila kuuliza kama mkono una grisi. Karanga zote ninazokula mpaka leo nazionea upungufu, na nimegundua ni grisi.

Siku ya kwanza ya majaribio alipakia madumu ya maji. Maji yalikuwa ya shida, basi majaribio yetu yakawa neema ya mtaa. Kina mama walijipanga na madumu yao kusaidia sayansi. Alipoondoka, mkia ule ukaanza kuyumba, kushoto, kulia, kama ng'ombe anayefukuza nzi. Alirudi ameloa mpaka magotini. Aliniambia yeye hana neno, ila baiskeli inataka kwenda sehemu mbili kwa pamoja.

Nikaongeza bomba la mshazari kutoka chini ya kiti hadi mwisho wa mkia. Kuyumba kukakoma. Hilo bomba la tatu msilisahau. Ndilo linaloifanya baiskeli iwe kitu kimoja.

Breki ya nyuma nayo, kwa sababu mkia ulirefuka, waya haukufika. Niliunga waya mbili, muunganiko ukawa unanasa kwenye fremu, Debora akashuka nayo mteremko wa korongoni bila breki, akaishia kwenye boma la miiba la mbuzi wa watu. Nilikimbia kwenda kumwokoa. Kwangu mimi, kukimbia ni tukio. Nilimkuta amekaa chini anajitoa miiba kwenye kiwiko, anacheka peke yake.

"Fundi," aliniambia, "umekuja mpaka huku?"

Nikamwambia nimekuja kuangalia foko ya gurudumu la mbele kama imepinda. Na kweli, niliinama nikaangalia foko.

Katika hizo jioni alikuwa ananisimulia Mpwapwa. Kwao kuna vilima vya kweli, asubuhi kuna baridi, maji yanashuka milimani. Mama yake alikuwa na uwanja mkubwa na mti wa mkungu mbele ya nyumba, na kivuli chake, alisema, kinatosha fundi na zana zake zote. Vitunguu na karanga vijijini vilikuwa vinaoza kwa kukosa usafiri wa kuvifikisha sokoni, magari yanabagua njia. Mwenye baiskeli ndefu angefika popote. Nilimsikiliza nikiwa nimeweka sikio kwenye habu. Nilijibu kwamba vilimani atahitaji gia ndogo zaidi, na kesho yake nikaibadilisha.

Jioni nyingine alikishika kitanda cha nondo, akakitikisa.

"Na mtu akitaka kukaa, atakaa wapi?"

Nikamweleza kwamba mtu si mzigo mzuri. Gunia likishafungwa limefungwa. Mtu anageuka kusalimia, anainama kuokota kofia, anaharibu mizani yote.

"Mtu mtulivu," akasema. "Asiyependa kugeukageuka. Mzito kama wewe hivi."

Nikapiga mahesabu, nikamwambia kwa uzito kama wangu spoki za baiskeli ya mlima hazitatosha, zitakatika kuanzia upande wa gia. Nikachukua spoki nene za pikipiki, nikazikata, nikazichonga nyuzi upya, nikalisuka gurudumu lote. Ilinichukua juma zima, juma tamu. Nikachonga na kibao cha kukalia, nikakijaza sponji ya godoro, nikakishonea turubai, nikachomea na vyuma viwili vya kukanyagia. Nilipima kwa miguu yangu mwenyewe, maana ndiyo iliyokuwa karibu.

Ilibidi kijaribiwe. Debora alishika usukani, mimi nikapanda nyuma. Alinizungusha mtaa wote wa Nkuhungu, tukapita bombani, tukapita kwenye mashine ya kusaga, tukatoka mpaka pale nyumba zinapoishia na mizabibu inapoanza, mahali ambapo nilikuwa sijafika miaka mingi ingawa ni karibu kiasi cha kusikia jogoo wake. Watoto walishangilia. Debora alikuwa amevaa kitenge cha bluu, mgongo wake unapanda na kushuka mbele yangu, na upepo wa jioni ulikuwa unanijia ukishapita kwake kwanza. Baiskeli ilikuwa kimya. Mkia umetulia, gurudumu halilii, cheni inateleza kama maji. Sijawahi kutengeneza kitu kikanyamaza vile.

Alipofika kwenye mizabibu alisimama, akakanyaga mguu mmoja chini, akaniuliza bila kugeuka nasikia nini.

Nilitega sikio. Nikamwambia friwili ya gurudumu la nyuma inataka tone la mafuta.

Tulirudi.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo nilipokuwa fundi hodari kupita siku zote. Ilikuwa siku chache kabla hajaondoka. Baiskeli ilikuwa imekwisha, na nilikuwa nimeshamaliza hata visingizio; nilikuwa nimeipaka rangi upya zambarau ileile, nikaiwekea kengele, nikaifutia vumbi lililokuwa halipo. Debora alikaa kwenye ndoo yake, hakuleta karanga. Bi Mwajuma alikuwa upande wake anakoroga unga.

"Kwetu Mpwapwa hakuna fundi wa baiskeli hizi," Debora akasema. "Hata mmoja."

Nikaona lile ni tatizo zito, na kwamba amenikabidhi mimi. Baiskeli ile haikuwa na mwenzake. Ikiharibika kule, fundi wa baiskeli nyeusi ataivuruga. Nikafikiri usiku kucha. Asubuhi nikamfuata kwa dada yake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata siku moja, nikamwambia nimepata jibu: nitamfundisha.

Akasema sawa.

Nilimfundisha kila kitu. Kukata cheni na kuiunga. Kunyoosha ringi kwa kukaza spoki za upande mmoja na kulegeza za pili, kidogokidogo, robo mzunguko. Kupiga kiraka bila kufungua gurudumu lote. Kuchonga mpira wa breki kutoka kwenye tairi la lori. Nilimfundisha hata kufumba macho na kusikiliza, kitu ambacho Mzee Abdallah alinipa baada ya miaka, yeye alikipata kwa siku chache tu. Alikuwa na mikono mizuri, yenye subira. Siku ya mwisho niliiharibu baiskeli makusudi sehemu nne, nikamwacha nayo, nikaenda kukaa upande wa Bi Mwajuma. Alizipata zote, na ya tano ambayo mimi mwenyewe nilikuwa siijui.

Alijifuta mikono kwa mchanga na mafuta ya taa.

"Kwa hiyo fundi sitamhitaji tena," akasema.

"Hata kidogo," nikamwambia, na kifua kilikuwa kimenijaa.

Akasema, "Haya."

Nilimpa na spana zangu, zile nzuri nilizorithi kwa mzee, nimezifunga kwenye kipande cha turubai iliyobaki. Siku kadhaa baadaye wateja walikuja, nikawa naazima spana kwa mshona viatu, ambaye hana.

Asubuhi ya safari nilikwenda mpaka stendi. Konda aligoma, alisema baiskeli ndefu vile hailali juu ya basi, itachungulia mbele dereva adhani ni trafiki. Debora hakubishana naye. Alipanda ngazi ya nyuma mwenyewe, akailaza mshazari, akaifunga kwa mikanda ya tyubu niliyomkatia, mafundo yangu yaleyale. Aliposhuka alinipa mkono.

"Ukipata nafasi, uje uikague," akaniambia.

Nikamwambia haitaharibika.

Basi likaondoka. Nilisimama pale, nikisikiliza injini yake. Silensa ilikuwa imetoboka. Mkia wa zambarau ulionekana juu ya watu na juu ya vumbi mpaka kwenye kona.

Tangu hapo nimerefusha baiskeli nyingi. Za wachuuzi wa maji, za wauza mkaa, moja ya mwinjilisti aliyekuwa anabeba spika. Nyingine zilikuwa nzuri. Halafu bodaboda zikaja, maguta ya magurudumu matatu yakaja, magoti yangu yakaanza kunung'unika kama gololi kavu, nikaweka gesi chini. Nyumba ni ileile. Zile kulabu mbili bado zipo kwenye kenchi; nimezitundikia kapu. Wakati mwingine jioni, jua likishapoteza ukali, nikisikia cheni ndefu inapita barabarani, nyepesi, haigongi, natoka. Huwa ni mmoja wenu, na kwa kawaida mmesahau bomba la tatu.

Mpwapwa si mbali. Mtu anakunywa chai hapa, anakula chakula cha mchana kule. Mwaka mmoja nilifika stendi nikiwa na begi, nikakata na tiketi. Nikakumbuka sikuwafungia kuku. Kuku wenyewe walikuwa wa Bi Mwajuma.

Mwaka huu, kabla ya mvua, dereva mmoja wa lori la vitunguu alisimama kwa Bi Mwajuma kununua vitumbua. Aliposikia mimi nilikuwa fundi, akaniambia kuna kioja huko Mpwapwa alikopakia mzigo: mama mmoja mtu mzima, ana baiskeli ndefu ya zambarau, na anasema ameitumia tangu ujana wake. Amesomesha watoto kwa baiskeli hiyo. Dereva alimwuliza nani anamtengenezea kitu cha kale namna ile, naye akamwonyesha spana zilizofungwa kwenye turubai. Anaitengeneza mwenyewe. Nyuma, akasema dereva, kuna kiti cha kukalia mtu, kimeshonwa vizuri, turubai bado nzima kana kwamba hakuna aliyewahi kukikalia sana. Alimwomba akitoe apate nafasi ya gunia moja zaidi. Mama akakataa.

Nilimshukuru dereva. Lori likaondoka. Nilikaa kibarazani nikiwa siwezi kufunga mdomo, na kwa kuwa sikuwa na mwingine wa kumwambia nikamwambia jirani yangu, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa anasikia kila kitu kupitia moshi. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi, Bi Mwajuma. Umri wote huu, na hajamhitaji fundi hata siku moja.

Bi Mwajuma alitoa kijiti kwenye karai, akageuza vitumbua vyake kimoja baada ya kingine mpaka vikaisha. Ndipo akaniangalia.

"Mika, mwanamke alikuambia kwao hakuna fundi, wewe ukampa spana."